Shibiri Moja na Vidole Viwili

Tarehe 9 Septemba

Kwa Shemeji Fundi,

Habari za huko na za kazi. Sisi ni wazima. Pacha wameanza muhula mpya, na wote wawili wameng'oka jino wiki moja, jino lile lile, kwa hiyo hata walimu waliokuwa wameanza kuwatofautisha wamepotea tena.

Usishangae kupata barua wakati namba yako ninayo. Wewe na marehemu kaka yako mna sauti moja. Ulipopiga simu kutoa pole mwezi wa sita ulisema, "Haloo, Mama Pacha," nikakaa chini sakafuni na simu mkononi, nawe ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Basi naomba tuandikiane, mpaka nitakapozoea.

Jambo lenyewe ni la shamba. Wiki iliyopita kaka yenu Baba Mkubwa alikuja, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akasema, "Shemeji, shamba si mahali pa kuwekea huzuni. Nakupa msimu huu mmoja. Ukivuna kama watu wanavyovuna, baki nalo. Usipovuna, nalikodisha kwa watu wa miti ya mbao, miaka kumi." Hati iko kwa jina lake tangu baba yenu afariki. Nilimmiminia chai tu. Baada ya miaka kumi pacha watakuwa watu wazima, na sijui tutakuwa tunaishi wapi.

Trekta letu liliuzwa wakati wa ugonjwa. Ushirika unakodisha trekta na dereva wake, siku mbili kwa kila mkulima, pamoja na zana moja tu ya kuchagua. Karani ameniandikia tatu: plau ya sahani kama ile yetu iliyoko bandani, mashine mpya ya visahani vilivyosimama wima, na ripa ya meno mawili. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanda na kupalilia. Kulima kulikuwa kwake. Nimesimama mbele ya hizo zana kama mtu aliyeingia duka la viatu vya watu wengine.

Najua mliachana vibaya kwa ajili ya plau. Sitaki kuyafufua. Niambie tu nichague nini.

Shemeji yako,
Mama Pacha


Tarehe 21 Septemba

Kwa Shemeji Mama Pacha,

Nimepata barua yako hapa karakana. Hiyo alama pembeni ni grisi, si machozi, ingawa nayo yalikuwa karibu.

Kwanza nikuombe radhi tena kwa kutofika mazishini. Gari liliharibika njiani. Nilikwambia kwenye simu, lakini sijui kama ulisikia.

Sasa zana. Plau ya sahani inakata udongo na kuugeuza, wa chini unakuja juu na mabua yanazikwa. Shamba linapendeza macho, lakini jua linaukausha ule udongo uliofunuliwa na mvua inauchukua. Visahani vilivyosimama ni vyembamba na vina mawimbi ukingoni. Havigeuzi kitu. Vinashuka wima, vinakata mabua vipande vipande na kuchanja udongo wa juu, vidole vitatu au vinne, basi. Mabua yanabaki juu yamelifunika shamba kama shuka. Ripa ni kitu kingine kabisa. Ina meno marefu yanayoingia chini sana kupasua tabaka gumu, kama tabaka hilo lipo. Kama halipo, ni kuchosha trekta bure.

Kwa hiyo siwezi kukujibu kabla hujanifanyia kazi moja. Chagua mahali kumi shambani, juu, katikati na chini. Jioni mwaga ndoo mbili za maji kila mahali. Asubuhi chukua nondo nyembamba uisukume kwa mikono, usiigonge kwa nyundo. Niandikie inaingia kiasi gani kabla ya kugoma. Ikiingia kina cha mkono wako hadi karibu na kiwiko, chukua visahani. Ikigoma mapema, chukua ripa, na visahani vingoje mwaka mwingine.

Wasalimie pacha. Waambie baba yao mdogo naye ana pengo, la kupigwa na spana.

Shemeji yako,
Fundi


Tarehe 2 Oktoba

Kwa Shemeji Fundi,

Nimefanya ulivyosema. Pacha walibeba maji, wakamwagiana nusu ya ndoo kabla hatujafika mahali pa tatu.

Nondo inaingia vizuri kote. Udongo ni mzuri. Kaka yako aliutunza mpaka kifua kilipomzuia kutoka kitandani. Hata hapo alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama umande umeanguka mwingi.

Nangoja jibu lako. Zamu yangu ya trekta ni mwanzoni mwa Novemba.

Mama Pacha


Tarehe 15 Oktoba

Kwa Shemeji Mama Pacha,

Kama nondo inaingia hivyo, basi chukua visahani bila wasiwasi. Nakiri nilitegemea jibu tofauti. Nimefurahi kwamba nilikosea.

Shika mambo haya. Udongo uwe mkavu. Ukiufinyanga mkononi ukashikamana kama unga wa maandazi, mrudishe dereva nyumbani. Visahani visimame wima kabisa, asivilaze pembeni hata kidogo, maana akivilaza vitaanza kugeuza udongo kama plau. Vishuke vidole vitatu. Na dereva akimbie. Mashine hii haifanyi kazi kwa mwendo wa kinyonga, inataka kasi ndiyo ikate mabua, la sivyo itayalalia tu.

Shamba halitapendeza. Usiogope. Litaonekana kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

Shemeji yako,
Fundi


Tarehe 12 Novemba

Kwa Shemeji Fundi,

Tumemaliza, na nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, kwa hiyo pokea shukrani ya hilo hata kabla ya mavuno.

Dereva waliyeniletea anaitwa Taratibu. Ndilo jina analojulikana nalo ushirika mzima. Nikamwambia, "Fundi amesema ukimbie." Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Mama, mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye usukani, sijawahi kukimbia hata kwenye lami." Nikamsomea barua yako. Akasema, "Huyo fundi aje aendeshe mwenyewe." Mwisho pacha wakaanza kumshangilia kutoka kingoni, naye akaona aibu, akakanyaga mafuta. Alikimbia, shemeji. Kofia ikaruka, akaiacha.

Baba Mkubwa alipita jioni, mikono nyuma. Akaangalia mabua yaliyotapakaa juu. "Hii ni kulima au kuchana nywele?" Majirani wakacheka. Nami nikacheka nao, lakini moyoni nilitamani awepo wa kumjibu.

Nimepanda jana. Mawingu yapo.

Mama Pacha


Tarehe 18 Desemba

Kwa Shemeji Fundi,

Naandika hii kwa mara ya nne. Zile tatu nimewashia jiko.

Mvua zimekuja nyingi, mfululizo, na maji hayashuki. Yamesimama kati ya mistari kama kwenye sinia. Mahindi yamefika gotini yakaacha kukua, majani yamekuwa ya njano kutoka chini. Nimeng'oa mche mmoja. Mzizi umeshuka vizuri, halafu umepinda ghafla na kulala pembeni, kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko.

Nilikudanganya. Nondo haikuingia. Niliichoma mahali kumi kama ulivyoniagiza, na mahali kumi iligoma. Sikuwa na rula, nilipima kwa mkono kama mnavyopima nyie ndugu. Shibiri moja na vidole viwili. Juu, katikati, chini, popote, shibiri moja na vidole viwili, halafu kama umegonga sakafu.

Nikueleze kwa nini. Siku ile mlipogombana, ulisimama hapo bandani mbele ya majirani ukamwambia, "Kaka, wewe hulimi udongo, unalima saruji, na umeitengeneza mwenyewe." Naye akakwambia uchukue spana zako uende. Hukurudi. Nilipoona nondo imegoma nilijua ulikuwa na haki. Nikaona nikikuandikia hivyo nitakuwa nimekupa ushindi juu ya mtu ambaye hawezi tena kukujibu. Nilikuwa mkewe. Nikamtetea kwa njia niliyoijua.

Sasa nimemtetea mpaka nimelipoteza shamba lake. Baba Mkubwa anapita kila Jumapili. Anaangalia maji tu.

Sikuombi ushauri. Nimeona tu usije ukafikiri ulichagua vibaya.

Mama Pacha


Tarehe 3 Januari

Kwa Shemeji,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Shibiri moja na vidole viwili. Je, ulipima kwa mkono wako au wa mtu mzima wa kiume? Nauliza, lakini najua jibu. Mkono wako ni mrefu, kaka alikuwa akikutania kwamba angekuoa hata kwa ajili ya kushusha vitu kabatini tu.

Kina hicho nakijua kwa sababu nilikiweka mimi. Miaka miwili kabla ya ugomvi, skrubu ya lile gurudumu dogo la plau, linaloamua sahani zishuke kiasi gani, ililiwa meno. Hapakuwa na nyingine. Kulikuwa na haraka, mvua ilikuwa inanukia. Nikapima kwa mkono, shibiri moja na vidole viwili, nikachomelea mkono wa gurudumu palepale usisogee. Nikamwambia kaka, "Ni kwa muda. Nitakuletea skrubu mpya, nitakata hapa." Sikuleta. Nilisahau. Msimu wa kwanza, wa pili, yote iliyofuata, plau ilipita kina kile kile bila kupungua wala kuongezeka, uzito wote wa sahani ukishindilia mstari ule ule. Hivyo ndivyo tabaka gumu linavyotengenezwa. Nimewaeleza wakulima mia, na sikuwahi kujieleza mwenyewe.

Siku ya ugomvi nilipomwambia ameitengeneza saruji mwenyewe, chuma nilichokichomelea kilikuwa nyuma yangu, ningenyoosha mkono ningekigusa. Wala sikukikumbuka. Yeye angeweza kunionyesha kwa kidole mbele ya wale wote. Akaniambia tu niende.

Na gari halikuharibika. Nilifika njia panda siku ya mazishi. Niliona watu wanarudi na majembe mabegani, nikajua imeisha. Nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi. Niliona haya kumwomba radhi mtu aliyekwisha kufukiwa mbele ya watu walionisikia nikimtukana.

Nimekuibia msimu, shemeji. Ulinificha, ndiyo, lakini uliyekuwa ukimsitiri ni yeye, na mimi nilimsitiri kwa lipi?

Fundi


Tarehe 16 Januari

Kwa Shemeji Fundi,

Alijua.

Ngoja nikuandikie taratibu maana pacha wamelala mchana, wana homa ndogo, na nyumba imetulia.

Mwaka juzi mchomeleaji wa njia panda alikuja kutengeneza mlango wa banda. Akaiona plau. Akasema, "Mzee, hapa nakata dakika tano, plau yako inashuka inavyotaka. Bure, kwa sababu ya mlango." Kaka yako akamwambia, "Aliyechomelea atakuja kukata mwenyewe." Yule akacheka, akaenda. Nikamwuliza ndani, kwa nini unakataa kitu cha bure? Akasema, "Mdogo wangu aliniambia atarudi kukata. Nikikata mimi, atarudi kufanya nini?"

Nilidhani ni ukaidi. Sikujua hata chuma hicho kina maana gani.

Tena alichimba shimo pale katikati ya shamba, akasimama ndani yake, likamfika magotini. Alikuwa akilikwangua lile tabaka kwa kisu cha jikoni. Kisu changu, nilimgombeza. Akasema, "Mdogo wangu alisema kweli kuhusu udongo. Akija nitamwambia." Kila msimu wa kulima ulipokaribia alikuwa akikaa mlangoni anaangalia barabara. Nilifikiri anaangalia mvua.

Sikukuandikia wakati ule, na ningeweza. Hilo nami nalibeba.

Kwa hiyo usiseme alikufa na kinyongo. Alikufa anakungoja, na sijui kama hilo ni jepesi zaidi au zito zaidi. Mimi nimeamua kukupa ukweli kama ulivyo, maana uongo wangu nimeona matunda yake.

Mama Pacha


Tarehe 29 Januari

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo.

Najua hupendi maneno mengi. Shamba la marehemu limeshindwa mwaka huu, na tabaka lililozuia maji si kosa lake wala la mkewe. Ni kazi ya mkono wangu kwenye plau, na nikamsingizia mbele ya watu. Nitaje kwa yeyote atakayeuliza.

Nakuomba umwongezee shemeji msimu mmoja. Nitakuja na ripa wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana ukiwa na maji jino linapita tu kama kisu kwenye sabuni na hakuna kinachopasuka. Kisha visahani juu. Nikishindwa, fanya unavyotaka.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 14 Februari

Kwa Fundi,

Marahaba.

Nilikwenda na nondo mwenyewe. Umesema kweli. Nilimcheka marehemu miaka mitano kwamba ni mvivu wa kulima, kumbe alikuwa akilima juu ya sakafu na bado tunakula.

Nusu ya chini nimekwisha kuwaahidi watu wa miti na siwezi kurudisha maneno yangu. Nusu ya juu abaki nayo shemeji. Si msimu mmoja. Abaki nayo. Hati nitaigawa.

Njoo na hilo jino lako. Na safari hii usiishie njia panda. Nilikuona siku ile, upande wa pili wa barabara, umevaa shati jeupe. Nilitaka kukuita, nikaendelea kutembea. Sikumwambia mtu.

Kaka yako


Tarehe 20 Juni

Kwa Shemeji Fundi,

Juzi imetimia miaka miwili tangu atutoke. Ulipokuwa hapa na ripa Agosti iliyopita kwa siku zile tatu tulizungumza habari za meno na boliti na chai iliyopoa, na mengine yote tukayapita pembeni. Nilikuona kaburini asubuhi ile ya mwisho. Ulikaa chini kabisa, kwenye vumbi, muda mrefu. Nilikuwa na sufuria mkononi na sikuja, kwa sababu hayo yalikuwa yenu.

Tumevuna. Nusu ya juu peke yake imetoa karibu sawa na shamba zima lilivyokuwa likitoa miaka yake ya mwisho. Mvua ilipokuja nilitoka nje na mwavuli kuangalia maji. Yalishuka. Nilisimama pale nikiyaangalia yakishuka mpaka pacha wakaja kuniita, wakaniuliza kwa nini nalia wakati mambo ni mazuri. Ningewaambia kwamba ardhi imefunguka mwaka mmoja baada ya kuondoka yule aliyetaka kuiona imefunguka?

Kuanzia sasa nachukua visahani tu, vidole vitatu, na Taratibu anakimbia bila kuambiwa. Majirani wawili wameomba ripa kwa ushirika. Wanakuja kuniuliza mimi. Mimi, niliyekuwa wa kupalilia. Nawaambia kwanza wachukue nondo, na waandike inachosema hata kama hawakipendi.

Nusu ya chini ina miche ya miti, imenifika kiunoni. Nikipalilia mpakani najaribu kutoangalia upande ule. Pale ndipo alipokuwa akianza kulima kila mwaka, kutoka chini kwenda juu, na kutoka jikoni nilikuwa nikimsikia anakaribia. Hilo limekwenda na halirudi. Sikulaumu, wala sijilaumu sana siku hizi. Baba Mkubwa akija sasa anabisha hodi, na anakaa kwenye benchi.

Umeandika kwamba karakana imekupa kazi ya mbali zaidi, na huenda usifike huku kwa miaka kadhaa. Nenda salama. Fanya kazi yako vizuri, na ukimwahidi mkulima kitu, kiandike ukutani. Sisi tupo hapa, watatu na nusu shamba.

Huko utakakokuwa, utukumbuke.

Shemeji yako,
Mama Pacha